Kwa nini “Sawa.” inauma kuliko “Sawa”

Mtu amekuuliza kama kikao kisogezwe hadi kesho. Unaweza kumjibu Sawa ukaishia hapo. Unaweza kumjibu Sawa. na nukta yake. Ipo Sawa! na ipo Sawa… na ipo sawaa ya kuvuta, na ipo SAWA ya herufi kubwa tupu. Neno ni lile lile, kamusi haioni tofauti, na jibu kwa swali lililoulizwa ni moja: kikao kinasogezwa. Ila aliyepokea hazisomi zote kwa sauti moja. Ya kwanza ataipita bila kuwaza. Ya pili inaweza kumfanya arudi juu kusoma alichoandika yeye mwenyewe, akitafuta alipokosea. Ya tatu inamwambia hakuna neno. Ya nne inamning’iniza: sawa, halafu? Ya tano imelegea, ni ya mtu asiye na haraka. Ya sita ama ni furaha ama ni ukali, itategemea nani kaandika.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya vijana wasio na kazi. Nukta ni nukta, shughuli yake ni kufunga sentensi, basi. Kwenye barua ya maombi ya kazi wana haki. Kwenye kuchati hawana, na sababu yake si utovu wa nidhamu wala kuharibika kwa lugha. Ni kwamba kwenye chati nukta imepoteza ile kazi iliyoajiriwa nayo, na alama isiyo na kazi wasomaji huitafutia nyingine. Ukilishika hilo, mengi yanayoonekana kama vituko vya meseji yanaanza kueleweka.

Alama hizi, kwa asili yake, hazikuwekwa kwa ajili ya sarufi. Wagiriki wa kale waliandika maneno yakiwa yameshikana bila nafasi, na msomaji alisoma kwa sauti huku akiyatenganisha mwenyewe. Yapata mwaka 200 kabla ya Kristo, Aristophanes wa Byzantium, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Alexandria, alipendekeza vitone vya kuwekwa katika vimo vitatu, chini, katikati na juu ya mstari. Vilimwonyesha msomaji mahali pa kutua na kuvuta pumzi, kwa kifupi au kwa kirefu. Ilichukua karne nyingi, na hasa kuenea kwa uchapaji huko Ulaya, mpaka alama zikahamia kwenye shughuli ya kuonyesha muundo wa sentensi, ambayo ndiyo tuliyofundishwa darasani. Kwa hiyo anayesikia sauti ndani ya nukta hajazusha kitu kipya. Kuchati ni kuongea kwa vidole, na pale panapokosekana uso, mkono na koo, alama zimeitwa tena kwenye kazi yao ya kwanza.

Nukta iliyokosa kazi

Kwenye karatasi nukta inahitajika, maana bila hiyo sentensi mbili zinaparamiana. Kwenye chati kila ujumbe unakaa kwenye kisanduku chake. Ukibonyeza kutuma, kisanduku kimeshafunga sentensi, mwisho unaonekana kwa macho. Mwenye mambo matatu ya kusema hutuma visanduku vitatu, na hakuna msomaji atakayeuliza sentensi ya kwanza imeishia wapi.

Desturi ya kuiacha ilianza hata kabla ya simu janja. SMS ilikuwa na nafasi ya herufi 160, na humo humo zilihesabiwa nafasi tupu na alama. Kwenye simu nyingi za vitufe nukta ilikaa kwenye kitufe cha 1 pamoja na wenzake, nayo ilikuwa ni kubonyeza kwa ziada kwa kitu ambacho kila mtu angekielewa hata kisipokuwepo. Kuiacha kulikuwa kubana matumizi. Simu janja zilipokuja, sababu ya kubana iliondoka, mazoea yakabaki. Tangu hapo nukta ya mwisho wa ujumbe ikawa hiari, na kitu cha hiari hakikosi kuulizwa kwa nini kimewekwa.

Hili limepimwa. Mwaka 2015 kundi la watafiti la Celia Klin katika Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, lilichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wanafunzi 126. Walisoma mazungumzo mafupi ambamo mtu anatoa mwaliko na mwenzake anakubali kwa neno moja. Jibu lilipoishia na nukta, wasomaji waliliona halijatoka moyoni sana, kuliko lilipokuwa bila nukta. Kisha majibu hayo hayo yakaonyeshwa kama yameandikwa kwa mkono kwenye kikaratasi. Tofauti ikapotea.

Hicho kikaratasi ndicho cha kushika. Kama nukta ingekuwa na ubaridi wake wa kuzaliwa, ingekuwa baridi kila mahali. Kwenye karatasi inatarajiwa, kwa hiyo haisemi lolote. Kwenye ujumbe wa simu haitarajiwi, kwa hiyo inasema. Msomaji hahesabu alama, anapima umbali kati ya alichotegemea kuona na alichokiona.

Wajapani wamelifikisha jambo hili mbali zaidi. Nukta yao ni kiduara kidogo wanachokiita maru, na mwanzoni mwa 2024 vyombo vya habari vya huko vilijaa neno jipya, maruhara, lililounganishwa kutokana na maru na neno la kuelezea unyanyasaji. Vijana walisema ujumbe wa mtandao wa LINE kutoka kwa mkubwa wa kazi, ukiishia na kiduara kile, unawatia hofu kama vile wamekaripiwa. Wakubwa nao walishangaa, wao wameandika tu kama walivyofundishwa. Kusema kweli, kuita nukta unyanyasaji ni kuikuza mno. Lakini hofu yenyewe si ya kubuni, imetoka pale pale lilikotoka jaribio la Binghamton.

Lakini tusikimbilie kusema nukta ni hasira. Soma huu:

Mama amelazwa tangu jana usiku. Daktari amesema tusubiri majibu ya vipimo.

Hakuna atakayeona ubaridi hapo. Kwanza ujumbe una sentensi mbili, nukta ya katikati ina kazi halali. Pili, habari yenyewe ni nzito, na nukta ya mwisho inakaa vizuri juu ya uzito huo. Ukiiondoa ukaweka alama ya mshangao ndipo utashtua watu. Nukta kwenye meseji huleta uzito na utulivu. Habari nzito huupokea. Shida huanza pale neno la furaha au la kukubali linapobebeshwa uzito lisilouhitaji. “Nimefurahi.” “Karibu.” “Hongera.” Neno linakwenda huku, alama inakwenda kule, na msomaji akiona viwili vinapingana huiamini alama, kwa sababu maneno mazuri yeyote anaweza kuyaandika kwa adabu tu.

Swali lisilo na alama

Kwenye alama ya kuuliza Kiswahili kina habari yake, na hapa nitakaa kidogo.

Ziko lugha ambazo ukiuliza swali la ndiyo au hapana unapindua mpangilio wa maneno, na swali linajulikana hata bila alama. Sisi hatupindui chochote. “Umefika” ni taarifa, “Umefika?” ni swali, na kilichotofautisha ni sauti iliyopanda mwishoni. Ipo “je” ya kutangulizwa, lakini nani kati yetu anaongea na ndugu yake kwa “Je, umefika?” Kwa hiyo kwenye maandishi alama ile imebeba swali zima peke yake. Ikidondoka, swali limekufa. Mtu akikuandikia

Unakuja kesho

ni vigumu kujua anauliza, anakumbusha au anaamuru. Akiwa rafiki utaona ni swali la mvivu wa kubonyeza. Akiwa bosi utaanza kujipanga kuja. Wenye lugha zinazopindua maneno wanaweza kuiacha alama wakabaki na swali lililopooza kidogo. Kwetu kuiacha ni kubadilisha maana, ndiyo maana watu wanaoacha nukta zote bado wanaikumbuka alama ya kuuliza kwenye maswali ya namna hii.

Mambo yanageuka swali likiwa na neno lake la kuulizia. Wapi, lini, nani, nini, mbona, vipi. “Uko wapi” ni swali tayari, alama haiongezi maana, imekuwa hiari kama nukta. Na ikishakuwa hiari inaanza kusema mengine. “Uko wapi” bila kitu inaweza kuwa ya mazoea, mtu anayekusubiri na anajua unakuja. “Uko wapi?” ni swali lililo sawa na lenye heshima zake. “Uko wapi??” subira imeanza kuisha. “Uko wapi?!” ukifika jiandae. Neno “mbona” ndilo linaloonyesha hili waziwazi kuliko yote. “Mbona hukupokea simu?” bado inaacha mlango wa kujieleza. “Mbona hukupokea simu” ikikatwa bila alama huwa si swali tena, ni shutuma, na ikimalizika kwa nukta ni hukumu iliyokwisha kusomwa. “Kwani” nayo iko hivyo. “Kwani nimesema sitaki” haisubiri jibu, na anayeiandika bila alama ya kuuliza anajua hivyo.

Halafu kuna ule ujumbe wenye alama ya kuuliza peke yake, hakuna neno hata moja. Umeuliza kitu saa nne, hujajibiwa, saa sita unatuma “?” tupu. Sijui alama nyingine inayoweza kusimama peke yake ikasema “nimekuona uko mtandaoni” kwa ufupi kiasi hicho.

Lugha yetu ina njia nyingine ya kubeba sauti ambayo haihitaji alama kabisa, nayo ni yale maneno madogo: basi, jamani, tu, bwana, eti, hebu. “Njoo.” ni amri. “Njoo basi” ni kubembeleza, “njoo jamani” ni kubembeleza kwa kulalamika, “hebu njoo” ina jambo ndani yake. Ukiweka nukta mwishoni mwa “njoo jamani” haiumi, kwa sababu “jamani” imeshaweka sauti kabla nukta haijafika. Ndiyo maana, nikilinganisha, naona nukta inauma zaidi kwenye majibu ya neno moja kama Sawa, Haya, Poa na Ndiyo. Hapo hakuna neno dogo la kulainisha, alama imebaki peke yake na msomaji.

Tena kuna kuvuta vokali. Mswahili akiongea huonyesha umbali na wingi kwa kuvuta sauti, akisema “kuleee” unaelewa si pale karibu, na “saaana” haiko sawa na “sana”. Kwenye chati tumeuhamisha mtindo huo mzima mzima. “Hayaa” imekubali kwa moyo mkunjufu. “Hayaaaa” inaweza kuwa ya kuchoka na maneno yako. “Haya” ya kawaida haina tatizo, na “Haya.” wote tunaijua. Mwalimu wa insha atasema hizo ni tahajia mbovu. Ni mbovu kwenye insha. Kwenye meseji zinafanya kazi ambayo hakuna alama rasmi iliyowahi kupewa.

Mshangao uliokuwa wa kushangaa

Alama ya mshangao imepitia njia ya kinyume. Zamani ilikuwa adimu kiasi kwamba taipureta nyingi hazikuwa na kitufe chake. Mpiga chapa aliweka apostrofi, kile kialama cha juu (’), akarudi nyuma, akapiga nukta chini yake. Leo kuna watu hawawezi kuandika “Asante” bila kuiongezea, na bila wao kushangazwa na chochote.

Mwaka 2006 mtafiti Carol Waseleski alichapisha uchambuzi wa alama 200 za mshangao alizozikusanya kwenye majadiliano ya mtandaoni ya watu wa fani ya ukutubi. Alikuta kwamba chache ndizo zilizokuwa za msisimko. Nyingi zilikuwa za kuonyesha urafiki au kukazia taarifa. Huo ulikuwa mwanzo mzuri wa kueleza kilichokuja kuwa kawaida: kwenye ujumbe, hasa wa kikazi, mshangao mmoja unasema “sikukasirika” kuliko unavyosema “nimeshangaa”.

Tatizo la alama ya adabu ni kwamba ikizoeleka inashuka thamani. Kila mtu kwenye kundi la kazini akiandika “Asante!” basi “Asante” ya yule mmoja asiyeweka alama inaonekana amenuna, na anayetaka kuonyesha amefurahi kweli inabidi aweke mbili au tatu. Sijaona njia ya kuizuia bei hiyo isipande. Kilichobaki ni kujua kwamba “Asante!!!” ya mtu anayeweka tatu kila siku ni sawa na “Asante” ya mtu asiyeweka kabisa. Warusi wana mfano mzuri wa hili. Wao hutabasamu kwa mabano ya kufungia tu, bila macho, namna hii: ). Wakicheka zaidi huongeza, ))). Kwa baadhi yao bano moja limekuwa la kawaida kiasi kwamba ujumbe usio nalo unaonekana mkavu. Na Wagiriki, kwa upande wao, hutumia nukta-mkato kuwa alama ya kuuliza. Umbo lenyewe halina hisia yoyote. Ni makubaliano tu.

Shangazi na nukta tatu

Hakuna alama inayogombanisha vizazi kama nukta tatu. Tazama mazungumzo haya niliyoyatunga, ingawa wengi wetu tumewahi kuyapata ya aina yake:

— Shangazi nimepata ile kazi!!
— Hongera sana mwanangu… Mungu ni mwema… tutaongea jioni…
— Kuna shida shangazi?
— Shida gani… mimi nimefurahi…
— Sawa shangazi
— Mbona kama umenyong’onyea… 

Hapa kila mmoja anaandika kwa usahihi wa kizazi chake. Kwa shangazi, nukta tatu ni mahali pa kutua kati ya wazo na wazo. Amezoea kuandika ujumbe mmoja mrefu wenye mambo kadhaa, na vitone vile vinayatenganisha bila ukali wa kusimamisha sentensi kwa nukta moja. Watu walifanya hivyo kwenye kadi na barua za kirafiki zamani sana, kwani havikuhitaji mtu aamue kama hapo panastahili mkato au nukta. Kwa mpwa, kutenganisha mawazo ni kazi ya kisanduku kipya. Kwa hiyo vitone vimekosa kazi kichwani mwake, na kama ilivyo kwa nukta moja, anavitafutia nyingine. Anayoipata ndiyo ile ya vitabuni: kuna jambo limeachwa bila kusemwa. “Mungu ni mwema…” kwake inasikika kama kuna “lakini” inakuja.

Ona pia mwisho wake. Mpwa ameandika “Sawa shangazi” bila alama yoyote, jambo ambalo kwake ni utulivu kabisa, shangazi akaona amenyong’onyea. Mkubwa naye anapima.

Herufi kubwa zina ugomvi unaofanana na huo lakini mwepesi zaidi. Kuandika kwa herufi kubwa tupu kumehesabiwa kuwa ni kupiga kelele tangu miaka ya 1980 kwenye mitandao ya kwanza ya kompyuta, na wengi wanaoandika hivyo leo ama wanafurahi sana, ama wamekasirika, ama hawajui kuzima kitufe. “HONGERA MWANANGU” hakuna anayeilalamikia. Shida iko kwenye “NILISHASEMA”.

Utani usioonekana

Kejeli ndiyo inayoumia zaidi kwenye maandishi. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha majaribio ambamo watu waliwapelekea wenzao sentensi, nyingine za dhati na nyingine za kejeli, kwa barua pepe au kwa sauti. Watumaji walitarajia wangeeleweka kwa takriban asilimia 78. Kwa sauti wasikilizaji walipatia asilimia 73. Kwa barua pepe walipatia asilimia 56, ambayo haiko mbali na kurusha sarafu. Chanzo chake ni rahisi: anayeandika anaisikia sauti yake kichwani, na hawezi kuizima ili asome kama mtu baki.

Watu wamejaribu kutengeneza alama ya kutibu hili kwa muda mrefu. Miaka ya 1580 mchapaji wa Uingereza Henry Denham alileta alama ya kuuliza iliyogeuzwa nyuma kwa ajili ya maswali yasiyotaka jibu. Ikafa. Mwaka 1899 Mfaransa Alcanter de Brahm akapendekeza alama ya kejeli. Nayo haikushika. Nadhani zilishindwa kwa sababu moja: kejeli iliyotangazwa kwa alama rasmi imeshakwisha utamu. Kilichofanikiwa ni kitu kinyenyekevu zaidi. Tarehe 19 Septemba 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, watu kwenye ubao wa matangazo wa kompyuta walikuwa wamechukulia utani kuhusu lifti iliyomwagikiwa zebaki kuwa onyo la kweli. Scott Fahlman akapendekeza utani uwekewe :-) na usio utani :-(. Alitumia nukta pacha, kistari na bano, alama zilizokuwa tayari kwenye kibodi. Na uso ule hausemi “hapa nakejeli”. Unasema “mimi nawe hatujagombana”, na msomaji anajimalizia mwenyewe. Emoji zote zilizofuata zimepita kwenye mlango huo.

Kejeli kavu bado ina silaha yake ya zamani, alama za kunukuu. “Rafiki yako kapiga simu” ni taarifa. Ukiandika kwamba “rafiki” yako kapiga simu, neno likiwa limefungiwa hivyo peke yake, umeshasema yote kuhusu huyo rafiki.

Emoji nazo hazijaokoka na kanuni ile ile. Kidole gumba kwa wengine ni “nimepokea, asante”, kwa wengine ni mlango uliofungwa usoni. Mwaka 2023 suala la kidole gumba lilifika mahakamani huko Saskatchewan, Kanada. Mkulima alitumiwa picha ya mkataba wa kuuza kitani pamoja na ombi la kuthibitisha, akajibu 👍. Mzigo haukufika. Yeye alisema alimaanisha amepokea tu, mnunuzi akasema alikubali. Jaji hakuishia kwenye maana ya kidole iliyotajwa kutoka kwenye kamusi. Aliangalia mazungumzo ya nyuma kati ya wawili hao, akaona mkulima alikuwa amezoea kukubali mikataba kwa majibu mafupi ya neno moja au mawili, na mizigo ilikuwa inafika. Akahukumu kwamba mkataba ulikubaliwa, na mkulima alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada.

Kwa ugomvi wa kawaida wa meseji, njia ya yule jaji ndiyo ninayoiamini. “Sawa.” kutoka kwa mtu aliyeweka nukta miaka yote haina habari. “Sawa.” kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuiweka, na imekuja dakika mbili baada ya kumwambia hutafika, ina habari nyingi. Kurudi juu na kusoma ujumbe wake wa wiki iliyopita kunatoa jibu zuri kuliko kuuliza marafiki watatu “hivi hii nukta inamaanisha nini”.

Simu zenyewe zinachanganya zaidi. Programu nyingi za kibodi huweka herufi kubwa mwanzoni bila kuulizwa, na ukigonga nafasi mara mbili zinakuwekea nukta. Mtu anayeandika “Sawa.” huenda hakuamua chochote, kidole kiligonga mara mbili. Na aliyeandika “sawa” kwa herufi ndogo huenda alirudi kuifuta ile kubwa, ndiyo maana herufi ndogo, ambayo zamani ilikuwa uvivu, kwa vijana wengi sasa ni chaguo: kuonekana hujali sana, kwa kujali.

Na nyongeza zinaendelea kuja. Mei 2023 WhatsApp iliruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 baada ya kuutuma, kwa hiyo nukta iliyotoka kwa hasira inaweza kuondolewa kabla hasira haijasomwa. Ila ujumbe uliohaririwa hubaki na kibandiko kinachosema umehaririwa, bila kuonyesha ulivyokuwa. Sasa mtu anapokea “Sawa” safi isiyo na nukta, yenye kibandiko hicho pembeni, na swali lake jipya ni nini kilikuwa kimeandikwa pale mwanzo.